Fukusi wa Ukingoni kwa Mama Riyadh

Mteja wa kwanza kutema kiazi kitamu alikuwa fundi viatu mwenye haraka zake. Alikiuma akitembea, akasimama ghafla kando ya barabara pale Kianda, Kibera, kana kwamba amekanyaga msumari, kisha akageuka na kukitema chote karibu na jiko la Awiti.

"Mama Marion, leo umetupikia nini? Kiazi ni chungu kama klorokwini!"

Awiti alicheka kidogo, akamchagulia kingine kikubwa. Nacho kikatemwa. Wateja waliokuwa wakingoja wakaanza kutazamana. Mmoja akakumbuka kwamba amechelewa kazini, mwingine akavuka barabara kwenda kwa muuza mandazi. Awiti akavitoa viazi vyote kwenye sufuria na kuvikata kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na vijia vyeusi vilivyopindapinda, vimejaa ungaunga unaonuka.

Marion, binti yake, alikuwa nyuma akisugua sufuria aliyokwisha kuisugua asubuhi hiyohiyo. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, akarudi Kibera na shahada ya elimu ya wanyama, akakuta serikali imeacha kuajiri. Alibisha hodi kila mahali penye ubao wa ofisi. Alipochoka kubisha hodi, hakuweza tena kutulia. Alifagia palipofagiwa, alipanga vyombo na kuvipangua, alitoka nje bila kujua anakwenda wapi. Mama yake alimwita kiguu na njia, mwanzoni kwa utani, siku za karibuni bila utani wowote.

"Wewe si ulisoma wadudu?" Awiti alisema, akimnyooshea nusu ya kiazi. "Haya. Ni nini hiki?"

Marion alikitazama. Aliwahi kuona picha ya kitu kama hicho, zamani, katika ukumbi wa mihadhara, akiwa amekaa kiti cha nyuma na kusinzia.

"Ni fukusi, nadhani," alisema.

"Unadhani," mama yake alirudia, akamwaga viazi vyote kwenye taka.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha mteremko nyuma ya nyumba za kupangisha za Hayat, mama wa Kinubi aliyezaliwa hapohapo Kibera na kuzeekea hapo. Watu walimwita Mama Riyadh, kwa jina la mwanawe. Awiti alikuwa mpangaji wake, na kwa wema wa mama huyo aliruhusiwa kulima sehemu ya juu. Sehemu ya chini, karibu na kijito, alilima Wabwire, mpangaji mwingine, askari wa usiku ambaye mchana alipaswa kulala lakini hakulala. Na pale juu kabisa, kati ya shamba na ukuta wa nyuma wa nyumba, palikuwa na ukingo wa udongo uliofunikwa wote na mmea unaotambaa. Hakuna aliyeupanda. Asubuhi ulifungua maua ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, na jua likipanda yakajikunja kama mwavuli.

Mchana huo Awiti na Marion walipochimba, kila shimo lilitoa kiazi kibovu. Awiti akawa anavitupa nyuma yake bila kuvitazama. Wabwire akapanda kutoka kwake akiwa ameshika viwili vya kwake, vivyo hivyo.

"Mimi najua wanatoka wapi," alisema. Akaenda ukingoni, akachuma ua, akalipasua. "Kuja muone. Wamejaa!"

Marion akalipokea ua. Ndani kabisa, pale ambapo zambarau inageuka nyeupe, palikuwa na wadudu weusi wadogo kuliko punje ya wimbi. Akamtingishia mmoja kiganjani. Alijifanya amekufa, miguu ameikunja, kisha akajiinua na kuanza kutembea. Alikuwa na pua ndefu iliyopinda kuelekea chini kama mkonga wa ndovu.

"Huyu naye ni wa jamii ya fukusi," Marion alisema polepole.

"Na wa kwenye viazi?"

"Naye pia fukusi, lakini..."

"Basi!" Wabwire akapiga makofi. "Si mmesikia? Msomi amesema. Maua ndiyo yanaleta huyu mdudu. Tufyeke leo leo."

"Ngoja kidogo," alisema Hayat. Alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma, kitambaa chake kikipeperushwa na upepo. "Mtoto amesema lakini. Mwacheni amalize hiyo lakini yake."

Wote wakamgeukia Marion. Na Marion, uso ukimwaka, akagundua kwamba baada ya ile lakini hakuwa na neno lolote. Alikuwa ameisema kwa mazoea ya darasani, kwa sababu wasomi husema lakini.

"Sijui bado," alisema.

Hayat akashuka mpaka ukingoni. "Mimi nitawaambia ninachokijua. Mvua za El Nino zilipokuja, jikoni kwa jirani kulikwenda na maji. Choo kikaenda. Hapa penye maua, udongo haukutoka hata ukucha. Mkiyang'oa, na mvua ikirudi, mtalala wapi? Ukuta wa chumba chako, Mama Marion, umesimama juu ya hii mizizi."

"Na tutakula nini, Mama Riyadh?" Awiti aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

Hayat aliyatazama matuta. Hata yeye alikula viazi vya shamba lile. "Basi mpaka Jumamosi," alisema mwishowe. "Kama kufikia Jumamosi hakuna neno lingine, fyekeni. Siwezi kumnyima mtu chakula kwa sababu ya ua."

Siku hiyo Marion hakukaa kitako. Aliweka wadudu kadhaa wa mauani ndani ya kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha, akakifunga, akakifungua, akakitazama juani, akakifunga tena. Kila alipopita karibu na Wabwire alisikia "msomi amesema", na kila aliposikia alijihisi ameshikwa ugoni. Neno lake lilikuwa limemponyoka kabla halijaiva, na sasa lilikuwa linatembea Kianda nzima kwa miguu yake lenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi akatoka. Alikumbuka kwamba Daktari Munyao, aliyewafundisha wadudu, alikuwa amestaafu na kuhamia Riruta Satellite. Akavuka Ngong Road, akashika njia ya Kawangware, akapita katikati ya wauza sukumawiki na mitumba akiwa ameshika kichupa mfukoni kama mtu anayelinda jino lililong'oka. Pale Satellite aliuliza duka hadi duka, mpaka muuza chakula cha kuku akamwonyesha geti la bati la kijani.

Alifunguliwa na Mildred, mke wa Munyao, mama mnene mwenye sauti ya upole. "Ingia, lakini usimwonyeshe kitu cha kusoma," alimnong'oneza. "Atakasirika."

Munyao alikuwa ameketi barazani, kuku wakidonoa kati ya miguu yake. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na alikuwa anangoja kupasuliwa.

"Ni nani?"

"Ni mwanafunzi wako, Daktari. Marion Aketch."

"Marion." Akainamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Marion wa viti vya nyuma. Ulikuwa unalala."

"Nimeamka, Daktari."

Mzee akacheka, na kicheko hicho kikampa Marion moyo. Akaeleza yote: viazi, ua, ukingo, Jumamosi. Munyao akamwita Mildred alete kile kioo cha kukuza cha shaba kilichokuwa kabatini, pamoja na sahani nyeupe. Marion akamwaga mdudu mmoja sahanini.

"Ni yule wa viazi, Daktari?" aliuliza.

"Nitajuaje? Mimi naona ukungu na wewe una macho. Angalia."

Marion akainama. Alishika kioo mbali mno na jicho, na mdudu akawa anaruka ndani ya kioo kama mtu nyuma ya moshi.

"Ana pua ndefu..."

"Ndefu kuliko nini?"

"Ndefu tu."

"Hakuna ndefu tu. Hata twiga ni mfupi ukimsimamisha kando ya mnazi. Mpimie kifua chake."

Akaangalia tena. "Sawa na kifua. Imepinda chini. Mwili wa mviringo, kama tone la maji. Mgongoni ana magamba madogo ya kijivu."

"Vipapasio?"

"Vinatoka katikati ya pua. Halafu..." Alisogeza sahani kwenye mwanga. "Vimekunjika, Daktari. Vina kiwiko. Na mwishoni vina kirungu."

"Aa," alisema Munyao, na vidole vyake vikaanza kupigapiga goti. "Na yule wa kwenye kiazi, vyake vikoje?"

"Kitabuni..."

"Nimekuuliza kitabuni?"

"Sijamwona, Daktari. Nimeona vijia vyake tu."

Munyao akaegemea kiti. "Umeniletea mlalamikiwa, shahidi umemwacha nyumbani. Rudi. Nataka mdudu mzima kutoka ndani ya kiazi cha shamba hilohilo. Kesho nina miadi hospitalini. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo wanafyeka!"

"Basi njoo mapema."

Ijumaa Marion alichimba kwa mikono. Alipasua kiazi baada ya kiazi, akipata viluwiluwi vyeupe vinene visivyo na miguu, akipata buu lililokwisha kuwa na umbo la mdudu lakini bado laini, na kila aliyemtaka alikuwa ameshatoboa na kwenda zake. Jua lilimchoma shingoni. Awiti alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Unatafuta nini tena? Si ulisema?"

"Sikusema, Mama. Walinisemea."

"Na ukiendelea kutafuta, hivi viazi vitapona?"

Marion alipasua kiazi kingine. Mama yake alikuwa ameanza kuuza maji ya kunywa ya barafu mahali pa viazi, na hakuna mtu aliyekuwa anayanunua katika baridi ile ya Julai. Awiti akaondoka. Jua lilipokaribia kuzama, chini ya kiazi kilichooza nusu, mdudu mwembamba mweusi akatoka akitembea kama siafu. Marion akamfunika kwa kiganja, akawa anacheka peke yake shambani, matope mpaka kwenye nywele.

Hayat, aliyekuwa anaanua nguo, akamwona. "Umempata?"

"Nimempata mmoja."

"Marion." Hayat alikuja mpaka kwenye waya. "Mimi na wewe tunaelewana, na mama yako ananiheshimu. Lakini kama ua langu ndilo linaloharibu chakula, usije ukanificha kwa kunionea haya. Nitaling'oa kwa mkono wangu. Uongo ndio siutaki, hata ule wa huruma."

Maneno hayo yalimkaa Marion kifuani, yakamnyima usingizi. Asubuhi alikuwa barabarani wakati wauza maziwa wa Kawangware ndio kwanza wanafungua. Mildred alimfungulia akiwa bado na leso ya kulalia.

Safari hii alikishika kioo karibu na jicho. Akawalaza wawili sahanini ubavu kwa ubavu, Munyao akisogeza uso karibu kama anayenusa.

"Anza na wa viazi."

"Mwembamba. Kiuno kimebanwa kama cha siafu. Mgongo laini unaong'aa, hana magamba. Pua imenyooka zaidi, nene kidogo." Akasogeza kioo. "Vipapasio vimenyooka, Daktari. Havina kiwiko."

"Una uhakika?"

"Nimetazama vyote viwili. Kipande cha mwisho ni kirefu, kama mchi. Lakini kiwiko hakuna."

"Basi hao hawakulala tumbo moja," alisema Munyao. "Ni binamu wa mbali sana. Wa viazi namjua, nimepigana naye miaka mingi. Huyo wako wa mauani, kwa umbo hilo, hula chavua na mbegu za ua lake, wala hajui kama kuna kitu kinaitwa kiazi."

Marion alikuwa ameshasimama. Alikuwa anaona tayari uso wa Wabwire, na kichwani alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, mbele ya watu wote, kwamba msomi hakusema hivyo.

"Kaa," alisema Munyao.

"Daktari, saa hizi wananoa mapanga."

"Kaa kwanza. Umepata nusu, na nusu ni mbaya kuliko kutojua. Hilo ua la zambarau ni jamii gani ya mmea?"

Marion akakaa taratibu. Tarumbeta. Majani ya umbo la moyo. Shina linalotambaa. Kwa nini hakuliona mapema? "Ni ndugu wa kiazi," alisema.

"Ehe. Na yule mwembamba, viazi vikivunwa vyote, anakwenda kuishi wapi?"

Kuku mmoja alipanda juu ya meza, Mildred akamfukuza kwa leso. Marion alitazama sahani. Mdudu wa mauani hakuwa na hatia, lakini shina la ua lenyewe lingeweza kuwa nyumba ya yule mwingine.

"Pasua mashina ya chini, yale ya zamani," mzee alisema. "Usiseme neno kabla hujapasua. Na kitu kingine. Mama yako alipata wapi marando ya kupanda?"

"Kongo, kule Kawangware. Kwa mzee mmoja anaitwa Gichuru, analima kando ya mto."

"Ni njiani kwako," alisema Munyao.

Marion aliazima kioo na sahani, akashuka Kongo nusu akitembea nusu akikimbia. Gichuru alikuwa anapalilia, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi. Alimkumbuka Awiti mara moja.

"Yule mathe wa Kibera? Nilimpa marando ya bure. Nilimwambia, chukua ncha, zile laini za juu. Akaniambia ncha ni za watoto, yeye anataka kitu cha nguvu. Akajaza gunia kutoka pale." Akaonyesha rundo kando ya uzio, mashina manene ya msimu uliopita, makavu nusu. "Mimi hizo natupa. Ngwaci ya hapa, hivi viazi vitamu, ilikuwa na mdudu ile msimu."

"Ulimwambia kwamba ina mdudu?"

Gichuru akakuna kidevu. "Nilimwambia achukue ncha," alirudia.

Marion akachagua shina nene, akalipasua kwa ukucha. Ndani ya kijia cheusi alikuwamo kiluwiluwi mweupe, na mbele kidogo, kwenye mdomo wa tundu, mdudu mwembamba wa kiuno cha siafu. Alichuchumaa pale akiwa ameshika shina, na mto ukipita na taka zake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya klorokwini hakutaka kwenda popote. Angeweza kulitupa shina lile majini. Nani angejua? Angesema maua ni safi, angesema mdudu ametoka kusikojulikana, na mama yake angebaki mama yake mbele ya watu.

Akaliweka shina mfukoni, akainuka.

Alipofika Kianda, kazi ilikuwa imeanza. Jumamosi ilikuwa Jumamosi, na yeye alikuwa amechelewa. Upande wa kushoto wa ukingo ulikuwa umenyolewa, udongo mwekundu uko wazi kama kidonda, na maua yamelala chini yamejikunja. Wabwire alikuwa anafyeka kwa ari ya mtu aliyekosa usingizi. Kando yake, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa Awiti. Hayat alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, anatazama tu.

"Ngojeni!" Marion aliita kutoka mbali. "Mama, ngoja!"

Panga la Wabwire likabaki hewani. Marion akaweka sahani ya Mildred juu ya jiwe, akawapanga wadudu wawili, akawapa kioo. Wabwire alitazama kwanza, akaruka nyuma.

"Yawa! Hii kitu ina mkonga kweli!"

"Tazama vipapasio. Huyu vyake vina kiwiko. Huyu vyake vimenyooka."

Hayat naye akainuka, akatazama muda mrefu jicho moja akilifumba. "Hawafanani," alisema. "Huyu ni kama siafu. Huyu ni kama kunguni mwenye pua."

"Kwa hivyo maua ni safi?" aliuliza Wabwire, na panga likashuka.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Hayat hakuwa akimtazama Marion. Alikuwa bado anatazama sahani. Marion akachukua kisu, akaenda pale ukingo unapokutana na matuta ya viazi, akakata shina la zamani la ua, lililoshika ardhi, akalipasua. Hakuna. Akakata la pili, nene zaidi. Kijia cheusi. Kiluwiluwi.

"Si niliwaambia!" Wabwire akaruka.

"Subiri." Akapanda juu, karibu na ukuta, akapasua pale, na pale, na pale tena. Safi yote, meupe ndani, maji yakitoka. "Wako kwenye haya ya chini peke yake, yaliyogusana na viazi. Walitoka kwenye viazi wakapanda kwenye ua. Hawakutoka kwenye ua."

Hayat akakunja uso. "Haya maua yalikuwapo tangu Riyadh hajaanza kutembea. Na kila mwaka tulikula viazi vizuri. Mwaka huu huyu mdudu ametoka wapi, basi?"

Marion alimtazama mama yake. Awiti alikuwa anafuta panga kwa majani, polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili. Alitaka mama ainue uso ili amwambie kwa macho, lakini Awiti hakuinua.

"Nimepitia kwa Gichuru," Marion alisema. "Alikuwa na mdudu huyuhuyu msimu uliopita. Hukaa kwenye mashina manene ya chini. Nchani hayuko. Marando tuliyopanda yalikuwa ya chini." Akatoa shina mfukoni, akalipasua mbele yao.

Kisha Wabwire, ambaye alikuwa amepewa marando ya kwake na Awiti kutoka gunia lilelile, akalitupa panga chini.

"Na mimi ukanipa! Mama Marion, mimi na watoto wangu tumekula nini hii wiki? Mimi nimekuwa nikitukana maua!"

"Nilikupa nilichopanda mwenyewe," alisema Awiti. Alisimama wima, lakini midomo ilikuwa imekauka. "Sikujua. Niliona ni manene, nikajua ni mazuri." Akamgeukia binti yake, na katika macho yake hakukuwa na hasira bado, ila mshangao, kama mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Na ukingo wangu mmeshaunyoa," alisema Hayat. Akaokota tawi moja la mmea lililokatwa, akalitazama, akalichomeka udongoni kwa kisigino. "Wewe Wabwire, usisimame hapo kama mlingoti. Chomeka."

Wakachomeka mpaka jioni. Wabwire alinung'unika, akachomeka.

Awiti hakusema na Marion siku ile wala iliyofuata. Alimwekea chakula, akamgeuzia mgongo. Jumatatu aling'oa viazi vyote, marando yote, mizizi yote, akavirundika na kuviwasha moto, na moshi wake mzito ukawafukuza watu wa Kianda kutoka kwenye milango yao. Marion alimsaidia kubeba. Walikuwa wamesimama kandokando, macho yakiwatoka machozi ya moshi, Awiti aliposema bila kugeuka:

"Ungeniambia nyumbani kwanza."

"Ningekuambia nyumbani, ungeniambia ninyamaze."

Awiti akachokoa moto kwa kijiti. Akafikiri. "Ndiyo," alisema. "Ningekuambia." Akatupa rando jingine motoni. "Wabwire hanisalimii."

"Atakusalimia."

"Ajue kwanza kwamba na mimi nimeumia," Awiti alisema, akakohoa, akaenda kuleta mzigo mwingine.

Waliiacha ardhi ipumzike, wakapanda kunde na sukumawiki. Mvua fupi zilipokaribia, Awiti alikwenda mwenyewe Kongo, hakutaka kuandamana na mtu. Marion alisikia baadaye kutoka kwa Gichuru kwamba alikata ncha moja moja, akiipasua kila ya kumi kuangalia ndani, akamchosha mzee wa watu hata akaacha kupalilia na kwenda kunywa chai. Alirudi na marando ya kumtosha yeye na Wabwire. Yake aliyapanda mbali na ukingo, akayafukia matuta kila udongo ulipopasuka, kama Marion alivyomwambia. Viazi vya msimu ule havikuwa vingi. Viwili vitatu bado vilikuwa na vijia. Vingine vilikuwa vitamu, na fundi viatu alikula akiwa amesimama, akitafuna kwa tahadhari kama mtu anayekanyaga sakafu iliyooshwa.

Ukingo haukuporomoka, ila kwa upande ulionyolewa mvua ilikula kipande cha udongo upana wa meza, na Hayat hakuacha kukitaja.

Kuhusu yule mdogo wa mauani, Marion hakupata jibu, na hilo ndilo lililomrudisha Satellite kila mara alipopata nafasi. Munyao alimpa vitabu vyake vizito vya kutambua wadudu, vile vinavyouliza swali na kukupeleka mbele: je, mapaja yana jino? Je, magamba ni ya mviringo au yamechongoka? Alisoma kwa sauti, akatazama, akajibu, akakosea, akarudi mwanzo. Alifika kwenye familia, akafika kwenye jenasi, lile kundi dogo zaidi, na pale njia ikakatika. Hakuna maelezo yaliyomtosha yule mdudu. Yaliyofaa mgongo yalikataa miguu.

Munyao alipasuliwa macho mwezi wa Novemba. Siku bandeji ya pili ilipotolewa alituma mtu Kibera. Marion alimkuta barazani, miwani mipya mizito usoni, kioo cha shaba mkononi, ameinama juu ya sahani kwa muda mrefu kiasi kwamba chai yake ilikuwa imefanya utando.

"Unamjua, Daktari?"

"Hapana." Hakuinua kichwa. "Sijawahi kumwona. Huenda yuko kwenye droo ya jumba fulani la makumbusho huko mbali, na jina lake limebandikwa. Huenda hayuko popote. Kwenye mapaja uliniambia hakuna jino?"

"Hakuna."

"Mimi naona kama kuna."

Marion akavuta kiti. "Ni kivuli hicho, Daktari. Mgeuze."

"Nimemgeuza."

"Mlete huku kwenye mwanga," alisema, na akaanza kuisogeza meza kabla mzee hajakubali, kuku wakitawanyika na Mildred akipiga kelele kutoka jikoni kuhusu chai.